Fanani Mmoja au Wengi? Wapiga Vyombo wa Studio za Nashville katika Albamu ya Bob Dylan ya 1969

Ikisiri

Historia ya albamu ya Nashville Skyline (1969) ya Bob Dylan kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mtu mmoja: mwimbaji wa nyimbo za jadi na za maandamano aliyeamua kugeukia muziki wa kantri. Makala haya yanaisoma upya historia hiyo kwa kuwatazama wapiga vyombo wa studio walioajiriwa kuirekodi. Yanaonesha kwamba mchanganyiko wa kantri na roki uliosifiwa kuwa uvumbuzi wa mwimbaji ulikuwa tayari ni uzoefu wa kazi wa wapiga vyombo hao, na kwamba sehemu kubwa ya maana ya albamu hiyo haimo katika maneno yake. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya fanani, kama tunavyoitumia katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, inahitaji kupanuliwa pale tunapochambua wimbo uliorekodiwa. Kutofanya hivyo kuna gharama ya kitaaluma, na pia kumewagharimu wahusika haki zao.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2016 Akademia ya Uswidi ilimtunuku Bob Dylan Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mjadala uliofuata ulijikita zaidi katika swali moja: je, wimbo ni fasihi? Kwa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili swali hilo si geni wala si gumu sana. Utenzi na shairi vimekuwa vikighaniwa na kuimbwa kwa karne kadhaa, na mpaka kati ya mshairi na mwimbaji katika pwani yetu haujawahi kuwa ukuta. Swali lililo gumu zaidi, ambalo mjadala ule ulilipita kando, ni hili: ikiwa wimbo ni fasihi, fanani wake ni nani?

Mulokozi (1989) aliieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha wake, na akabainisha kwamba tukio hilo hujengwa na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Maelezo hayo yalitukomboa kutoka katika mazoea ya kuichambua fasihi simulizi kana kwamba ni maandishi yaliyokosa karatasi. Hata hivyo, tunapofika katika wimbo uliorekodiwa studioni, mara nyingi tunarudi kule kule tulikotoka. Tunanukuu maneno, tunataja jina lililo juu ya jalada, kisha tunahesabu kwamba uchambuzi umekamilika.

Makala haya yanachagua albamu moja kwa sababu mahususi. Miongoni mwa kazi za Dylan za miaka ya 1960, Nashville Skyline ndiyo yenye maneno machache na mepesi kuliko zote. Ina nyimbo 10 na inadumu takribani dakika 27. Msomaji atakayeyachapa maneno yake katika karatasi atashangaa kwamba ni kazi ya mtunzi yule yule aliyesifiwa kwa tamathali nzito na beti ndefu. Lakini albamu hiyo ilipendwa sana: ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na ya tatu Marekani. Ikiwa maneno hayaelezi kupendwa huko, hatuna budi kuuliza ni nini kinachokueleza.

Jambo hili haliko mbali na sisi. Wasikilizaji wa Afrika Mashariki waliokulia katika zama za redio wanazifahamu nyimbo za Jim Reeves, na wengi wao wanaweza kuziimba. Wimbo wake wa He'll Have to Go ulirekodiwa Nashville mwaka 1959, na piano yake ilipigwa na Floyd Cramer. Cramer alikuwa miongoni mwa kundi dogo la wapiga vyombo wa kuajiriwa waliotumika katika sehemu kubwa ya nyimbo zilizotoka katika jiji hilo. Hivyo kazi ya wapiga vyombo wa studio za Nashville ilitufikia mapema, ila majina yao hayakutufikia.

2.0 Njia ya Kwenda Nashville, 1965–1968

Dylan alizaliwa Minnesota mwaka 1941 na kufika New York mwanzoni mwa 1961. Umaarufu wake wa awali ulijengwa juu ya taswira ya fanani mmoja: mtu aliyesimama peke yake na gitaa lake na kinanda chake cha mdomo. Katika harakati za nyimbo za jadi za wakati ule upweke huo ulichukuliwa kuwa alama ya ukweli, kwa kuwa mwimbaji asiye na bendi alionekana kuwa hana kitu cha kuficha. Alipoanza kuimba na bendi ya vyombo vya umeme mwaka 1965, sehemu ya hadhira yake iliona amesaliti. Walicholalamikia hakikuwa maneno, maana yalikuwa yamezidi kukomaa, bali kuongezeka kwa watu jukwaani.

Mwaka huo huo mtayarishaji wake mpya, Bob Johnston, alimwalika katika studio ya New York mpiga vyombo kutoka Nashville aitwaye Charlie McCoy, ambaye alikuwa mjini kwa matembezi. McCoy alipewa gitaa na kuombwa aufuate wimbo mrefu ambao hakuwahi kuusikia. Gitaa lake ndilo linalosikika katika Desolation Row. Kwa maelezo ya Johnston mwenyewe, kikao hicho kilimsaidia kumshawishi Dylan kwamba huko Nashville kuna watu wanaoweza kumfuata popote atakapokwenda, ingawa meneja wa mwimbaji na wakuu wa kampuni ya Columbia hawakupendezwa na wazo hilo.

Mwaka 1966, Februari na Machi, Dylan alirekodi Nashville sehemu kubwa ya albamu ya Blonde on Blonde. Simulizi moja ya vikao hivyo inastahili kutajwa kwa sababu inaonesha uhusiano wa fanani hawa na matini. Wapiga vyombo walifika jioni, wakakaa kwa saa nyingi wakicheza karata huku mwimbaji akiandika. Usiku wa manane ulipopita sana wakaitwa, wakaelezwa kwa ufupi jinsi wimbo ulivyo, na utepe ukaanza kuzunguka. Mpiga ngoma Kenneth Buttrey alikumbuka baadaye kwamba wao walizoea wimbo wa dakika mbili au tatu. Kila kiitikio kilipofika walidhani ndio mwisho, wakapandisha nguvu, kisha wakasikia ubeti mwingine unaanza. Wimbo huo, Sad Eyed Lady of the Lowlands, ulidumu zaidi ya dakika 11. Mipando na mishuko inayosikika ndani yake haikuandikwa na yeyote. Ilizaliwa na watu waliokuwa kwa wakati mmoja hadhira ya kwanza ya wimbo na watendaji wake.

Mwishoni mwa 1967, baada ya ajali ya pikipiki ya Julai 1966 na kipindi kirefu cha ukimya, Dylan alirudi Nashville kurekodi John Wesley Harding. Safari hii aliwahitaji watu wachache tu: McCoy katika besi, Buttrey katika ngoma, na katika nyimbo mbili za mwisho Pete Drake katika gitaa la chuma la kukanyagia. Nyimbo hizo mbili ndizo zinazoashiria albamu iliyofuata. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba Dylan aligeukia kantri ghafla mwaka 1969 anasahau kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akifanya kazi na watu wale wale.

3.0 Wapiga Vyombo na Lugha Yao ya Kazi

Wapiga vyombo wa studio za Nashville walifanya kazi kwa mkataba wa chama chao. Kipimo cha kazi kilikuwa kikao cha saa tatu, na mpigaji mwenye soko aliweza kuhudhuria vikao vinne kwa siku, kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane. Malipo yalikuwa ya kikao, si ya mafanikio ya wimbo, na kiongozi wa kikao alilipwa maradufu. Katika saa tatu ilitarajiwa nyimbo tatu au nne zikamilike. Hali hiyo haikuacha nafasi ya mazoezi wala ya kusoma nota ndefu.

Dhiki ya muda ilizaa mfumo wa maandishi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Neal Matthews, mwanakikundi wa waimbaji wa Jordanaires, alianza kuandika nyimbo kwa tarakimu, na McCoy na wenzake wakaueneza na kuuendeleza mfumo huo miongoni mwa wapiga vyombo. Kila tarakimu huwakilisha ngazi ya skeli, si sauti maalumu. Moja ni sauti ya nyumbani, nne na tano ni ngazi zinazoondoka nyumbani na kurejea. Ikiwa mwimbaji ataona ufunguo ni wa juu mno, karatasi haiandikwi upya. Nyumba tu ndiyo inayohama. Yeyote aliyeimba katika kwaya za Afrika Mashariki kwa kutumia solfa atautambua msingi huu mara moja, kwa kuwa *do* ya solfa nayo huhama pamoja na ufunguo huku uhusiano kati ya sauti ukibaki ule ule.

Kwa mwanaisimu mfumo huu una mvuto wa pekee, kwani unaandika uhusiano na kuacha viwango. Unaonesha umbo la sentensi ya muziki na kuacha wazi maneno yatakayoijaza. Karatasi ile haimwambii mpiga piano apige nini. Inamwambia yuko wapi ndani ya wimbo. Kinachobaki, yaani mapambo, ukimya, wakati wa kuingia na wakati wa kumwachia mwenzake, ni kazi ya kila mmoja kwa mujibu wa kile anachowasikia wengine wakifanya. Hapa tunakaribia sana kile ambacho Lord (1960), akiwachunguza waghani wa tendi wa Yugoslavia, alikieleza kuwa ni utunzi unaofanyika ndani ya utendaji. Tofauti ni kwamba mghani wa Lord alitunga peke yake, ilhali hawa walitunga wakiwa kundi.

Jambo la pili linahusu asili ya mchanganyiko wenyewe. Kabla ya kuwa wapiga vyombo wa kantri, McCoy na Buttrey walikuwa pamoja katika bendi iliyoitwa Escorts, iliyopiga muziki wa dansi wenye asili ya Wamarekani Weusi. Asubuhi waliweza kumpigia mwimbaji wa kantri, na usiku wakapiga roki ukumbini. Tukikopa istilahi za isimujamii, watu hawa walikuwa wawililugha, na kubadili msimbo lilikuwa jambo la kila siku kwao. Kwa hiyo tunaposoma kwamba Dylan, au kundi la Byrds lililorekodi sehemu ya albamu yake ya 1968 katika jiji hilo hilo, ndio waliounganisha kantri na roki, tunapaswa kuuliza muungano huo ulikuwa ukiishi wapi kabla ya kupewa jina. Kama ilivyo kwa lugha zinazokutana, mchanganyiko huwa umeshakomaa vinywani mwa wasemaji kabla mwandishi hajauweka kitabuni.

Pete Drake anatupa mfano wa ajabu zaidi. Mwaka 1964 alitoa wimbo wa Forever, ambamo gitaa lake la chuma linatamka maneno. Sauti ya gitaa ilipelekwa kwa mrija hadi kinywani mwake, naye akaiumba kwa ulimi na midomo kama mtu anayesema bila kutumia nyuzi za sauti. Kifonetiki, gitaa lilichukua nafasi ya koo, na kinywa kikaendelea na kazi yake ya kawaida ya kutofautisha irabu na konsonanti. Hakutumia mbinu hiyo katika albamu tunayoijadili, lakini mtu aliyeifikiria kazi yake kwa namna hiyo hakukichukulia chombo chake kuwa msindikizaji wa maneno. Kwake chombo nacho kilikuwa msemaji.

4.0 Siku Chache za Februari 1969

Vikao vya Nashville Skyline vilifanyika katika studio ya Columbia katikati ya Februari 1969. Watu waliohudhuria ni pamoja na McCoy, Buttrey na Drake, ambao mwimbaji aliwajua tayari, pamoja na Norman Blake na Charlie Daniels katika magitaa na Bob Wilson katika piano na ogani. Daniels, mzaliwa wa North Carolina aliyekuja Nashville mwaka 1967 kwa kuitwa na Johnston, alisimulia kwamba aliitwa kushika nafasi ya mwenzake katika kikao kimoja tu. Kikao kilipokwisha, akifungasha gitaa lake aondoke, Dylan aliuliza anakwenda wapi, akasema hamtaki mpigaji mwingine. Daniels alibaki, na alishiriki pia katika albamu mbili za Dylan za mwaka 1970.

Mfano unaonukuliwa mara nyingi ni wa Lay Lady Lay. Buttrey alieleza kwamba hakujua apige nini katika wimbo huo. Akamuuliza Dylan, akajibiwa: ngoma za bongo. Akamuuliza Johnston, akajibiwa: kengele za ng'ombe. Aliona majibu yote mawili hayana maana, akaamua kuyatekeleza pamoja ili waone wenyewe yalivyo mabaya. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuviweka vyombo hivyo, alimwita mfagiaji wa studio avishike mikononi. Mfagiaji huyo alikuwa Kris Kristofferson, ambaye baadaye alikuwa mtunzi na mwigizaji mashuhuri. Matokeo yake ni mdundo unaoutambulisha wimbo huo hata kabla sauti ya mwimbaji haijaingia, na wimbo ulifika nafasi ya saba katika orodha ya Marekani.

Simulizi hii ichukuliwe kwa tahadhari ya kihistoria. Ilisimuliwa miaka mingi baadaye, na ina sifa zote za ngano nzuri: swali linalorudiwa mara mbili, jibu lisilotarajiwa, na mtu mdogo anayekuja kuwa mkubwa. Lakini utepe wenyewe upo, na bongo na kengele zinasikika humo. Hata tukiyapunguza mapambo ya msimulizi, linabaki jambo moja lisilopingika: si Dylan wala Johnston aliyekuwa na mpango kamili, na uamuzi wa jinsi ya kuyaunganisha mawazo mawili yasiyopatana ulikuwa wa mpiga ngoma.

Mfano wa pili una nguvu zaidi kwa hoja yetu. Kipande cha pili cha albamu, Nashville Skyline Rag, hakina neno hata moja. Wapiga vyombo wanapokezana zamu, kila chombo kikichukua nafasi yake mbele kisha kikarudi nyuma. Katika albamu ya mtu anayehesabiwa kuwa mshairi mkuu wa wimbo katika lugha yake, hapa mshairi ananyamaza na wengine wanaendelea kusema. Hata hivyo kipande hicho kimesajiliwa kuwa utunzi wa Dylan peke yake. Mhakiki anayeshikilia kwamba fasihi ya wimbo imo katika maneno atalazimika kukiruka kipande hicho. Anayeshikilia kwamba fanani ni mwenye jina kwenye jalada atalazimika kumpa sifa ya zamu ambazo hakuzipiga yeye.

Mfano wa tatu ni Girl from the North Country, wimbo ambao Dylan aliurekodi kwa mara ya kwanza katika albamu yake ya 1963 na kuurudia hapa pamoja na Johnny Cash. Waimbaji hao walikutana studioni tarehe 17 na 18 Februari, wakaimba nyimbo nyingi, na huu mmoja ndio uliowekwa katika albamu. Mahali fulani maneno ya wawili hao hayaafikiani: mmoja anaimba hivi na mwenzake vile, na hakuna aliyesimamisha utepe kusahihisha. Ni mabadiliko ya matini katika utendaji, ambayo tumezoea kuyaona katika ngano na nyimbo za jando, yakiwa yamehifadhiwa katika zao la kiwanda.

Mwisho, katika mwanzo wa To Be Alone with You, mwimbaji anasikika akimuuliza mtayarishaji kama utepe umeanza kuzunguka. Swali hilo lingeweza kukatwa kwa urahisi. Kuachwa kwake kunamkumbusha msikilizaji kwamba anachokisikia ni tukio, lenye mahali, wakati na watu waliokuwemo.

5.0 Jina, Sheria na Malipo

Ni kweli kwamba majina ya wapiga vyombo hawa hayakupotea. Nakala za mikataba ya vikao, kumbukumbu za studio, na hasa kanda zilizotolewa rasmi mwaka 2019, zinaturuhusu kujua nani alifanya nini. Katika miaka michache baada ya albamu hii sifa zao zilienea. Mwaka 1970 George Harrison alimwita Drake London kushiriki katika albamu ya All Things Must Pass, na mwaka huo huo Ringo Starr akaenda Nashville kurekodi albamu nzima chini ya utayarishaji wa Drake. McCoy, Buttrey na wenzao waliunda kikundi chao, Area Code 615, jina lililotokana na msimbo wa simu wa eneo lao. McCoy aliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri mwaka 2009, Daniels mwaka 2016 na Drake mwaka 2022.

Heshima hizo hazikubadili msingi wa kisheria. Wakati albamu ilipotoka Aprili 1969, sheria ya shirikisho ya hakimiliki ya Marekani ilimlinda mtunzi wa maneno na lahani, lakini haikuilinda rekodi ya sauti yenyewe. Ulinzi huo ulianza kwa rekodi zilizofanywa kuanzia tarehe 15 Februari 1972, na rekodi za kabla ya hapo zilisubiri hadi sheria ya mwaka 2018 ndipo zikaguswa na mfumo wa shirikisho. Hadi leo redio za kawaida za nchi hiyo humlipa mtunzi wimbo unapochezwa, lakini haziwalipi watendaji. Katika redio za kidijitali, ambako watendaji hulipwa, mgawanyo uliowekwa kisheria humpa mwenye rekodi asilimia 50, msanii mkuu asilimia 45, na wapiga vyombo wasio wasanii wakuu, wote kwa pamoja, asilimia 2.5.

Tunayataja haya kwa sababu sheria hizi zimejengwa juu ya nadharia ya fasihi, ingawa hazisemi hivyo. Zinachukulia kwamba utunzi ni kile kinachoweza kuandikwa katika karatasi kwa maneno na nota, na kwamba kilichobaki ni utumishi. Karatasi ya tarakimu iliyowezesha wimbo kuzaliwa haihesabiki kuwa utunzi, na mdundo wa bongo na kengele hauhesabiki pia. Mhakiki anayechambua wimbo kwa maneno yake tu anairudia nadharia hiyo hiyo, na kuipa hadhi ya kitaaluma.

6.0 Hoja Pinzani

Inaweza kudaiwa kwamba wapiga vyombo hawa walishiriki katika maelfu ya nyimbo nyingine zilizosahauliwa, na kwamba kilichoitofautisha albamu hii ni Dylan. Hoja hiyo ina uzito. Ni yeye aliyeleta nyimbo, aliyechagua kubaki na Daniels, na aliyeimba kwa sauti laini ambayo hadhira yake haikuwahi kuisikia. Hakuna anayependekeza avuliwe utunzi. Lakini hoja hiyo ikipinduliwa inasimama vile vile: Dylan naye ana nyimbo nyingi zilizorekodiwa bila watu hawa, na hakuna inayosikika kama Nashville Skyline. Zao la wengi halipaswi kugawiwa mmoja kwa sababu tu mmoja huyo hakukosekana.

Hoja ya pili ni kwamba dhana ya fanani wengi itamfanya mchambuzi ashindwe kazi, kwa kuwa kila rekodi ina mafundi, wasimamizi na wasaidizi. Jibu letu ni kwamba kigezo kinaweza kuwekwa. Ahesabiwe kuwa fanani yule ambaye uamuzi wake wa kisanaa, uliofanywa wakati wa utendaji, unasikika katika kazi. Kwa kigezo hicho Buttrey ni fanani, Drake ni fanani, na Kristofferson, kwa siku ile aliyoshika bongo, si fanani. Johnston anasimama mpakani, na ni haki mjadala juu yake uendelee.

Hoja ya tatu inatoka upande wa mapokeo yetu. Huenda ikasemwa kwamba Kiswahili kina tayari maneno ya kuwatofautisha mtunzi, mwimbaji, manju na wapiga vyombo, hivyo hatuhitaji kuipanua istilahi ya fanani. Ni kweli maneno hayo tunayo, na ni utajiri. Tatizo ni kwamba katika uchambuzi tunamtumia mtunzi peke yake, na wengine tunawaachia sherehe.

7.0 Hitimisho

Albamu ya Nashville Skyline imeelezwa mara nyingi kuwa ni kazi nyepesi ya mshairi mzito. Makala haya yameonesha kwamba wepesi huo ni wa karatasi tu. Kilichopunguzwa katika maneno kiliacha nafasi, na nafasi hiyo ilijazwa na watu waliokuwa na lugha yao ya kazi, mfumo wao wa maandishi, na umahiri wa miaka mingi wa kusikilizana. Mchanganyiko wa kantri na roki ulikuwa umeshaishi katika mikono yao kabla ya kuwa habari ya magazeti.

Kwa mtafiti wa Kiswahili yapo mapendekezo matatu. Kwanza, tunaponukuu wimbo uliorekodiwa tutaje rekodi tunayoitumia, mwaka wake na watendaji wake, kama tunavyotaja toleo la kitabu. Pili, tunapofundisha wimbo darasani, kusikiliza kutangulie kusoma. Tatu, tuwahoji wapiga vyombo wa bendi na vikundi vyetu wangali hai, na tuzioanishe simulizi zao na kanda na kumbukumbu za maandishi. Buttrey alifariki mwaka 2004, Drake mwaka 1988. Kilichowezesha historia yao kuandikwa ni kwamba mtu fulani aliwauliza mapema, na karatasi za vikao hazikutupwa. Kwa wapiga vyombo wa dansi na taarabu wa kizazi kinachoondoka sasa, masharti hayo mawili bado yako mikononi mwetu.